Miguu Hukumbuka, Damu Husahau

Anayepanda Mlima Hanang kwa mara ya kwanza aghalabu haumii siku ya kupanda. Maumivu humfuata nyumbani. Akiwa mtu wa Tumati, huko Mbulu, kesho yake atapeleka ng'ombe malishoni kwa kuchechemea, na keshokutwa hata kuketi kigodani kutamlazimu ashike ukuta. Wakati huohuo mwenzake aliyemwongoza, ambaye hupanda mlima huo msimu kwa msimu, ameshaingia shambani na jembe lake. Walipita njia moja na wakarudi pamoja. Watu husema huyu wa pili ameuzoea mlima, na husema kweli, ila mazoea hayo si kitu kimoja. Mwili huweka kumbukumbu za njia mahali tofauti tofauti, na kila mahali pana muda wake wa kusahau.

Tuanze na misuli, kwa kuwa ndiyo inayolalamika kwanza.

Hanang una urefu wa takriban mita 3,420. Anayeanzia Katesh kwa njia ya Jorodom hupanda zaidi ya mita 1,500 kwenda juu, na wengi huzishuka zote siku hiyohiyo. Kupanda huchosha mapafu na moyo, lakini kinachojeruhi misuli ni kushuka. Kila hatua ya mteremko, misuli ya mbele ya paja hukaza ili kuzuia mwili usiporomoke, na wakati huohuo inavutwa na kurefuka. Msuli unaorefuka huku umekaza huchanika katika nyuzi zake ndogo kabisa. Uvimbe na maumivu hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, ndiyo maana mtu hudhani amepona njiani kumbe bado hajaanza kuugua.

Ajabu ni kwamba dozi moja hutosha kuleta kinga. Wataalamu wa misuli wamelithibitisha jambo hili mara nyingi katika maabara: mtu akishushwa mteremko mkali mara moja, kisha akashushwa tena baada ya wiki mbili au tatu, maumivu ya mara ya pili huwa madogo mno, hata kama katikati hakufanya zoezi lolote. Kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa na kwa baadhi ya watu miezi kadhaa. Huhitaji kupanda mara mia; mara moja tu, na isiwe zamani sana, inatosha.

Hili linaonekana wazi zaidi Kilimanjaro, katika mteremko wa Mweka. Mgeni aliyefika kileleni, mita 5,895, hushushwa hadi lango la Mweka lililo kwenye mita 1,640 hivi, kwa siku moja na nusu au mbili. Ni zaidi ya mita 4,000 za kushuka tu. Wageni hufika langoni wakitembea kiupandeupande, na wapo wanaoona nafuu kushuka kinyumenyume. Wapagazi, ambao mlimani huitana wagumu, huwapita kwa mwendo wa nusu kukimbia wakiwa na mizigo. Mgeni hudhani anaona watu wa chuma. Anachokiona kwa sehemu kubwa ni mapaja yaliyoshuka njia ileile wiki tatu zilizopita.

Damu ina tabia nyingine kabisa. Kileleni Uhuru shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni. Mwili hujibu kwa hatua. Kwanza pumzi huongezeka. Ndani ya saa chache figo huanza kutoa homoni ya erithropoietini inayoamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu, lakini chembe hizo huhitaji siku kuiva na wiki kadhaa kufikia idadi ya maana. Safari ya Kilimanjaro ya siku sita au saba huisha kabla kiwanda hakijashika kasi. Damu inayoonekana kuwa nzito siku za mwanzo huwa imepungukiwa maji tu.

Mtu akishuka, mambo hugeuka. Katika wiki mbili tatu za kukaa chini sehemu kubwa ya faida imeshapotea, na inadhaniwa kwamba mwili hufikia hata kuziondoa chembe changa ambazo sasa unaziona ni za ziada. Mwongozaji anayefanya safari mfululizo kuanzia Julai hadi Septemba hubaki na sehemu ya uzoefu huo wa damu. Akipumzika masika ya Aprili na Mei, wageni wanapopungua, hurudi mlimani Juni akiwa karibu mgeni kama wageni wake. Wapo waongozaji ambao hesabu yao ya kileleni imevuka mia moja, na bado hiyo mia haiwakingi na maumivu ya kichwa ya kambi za Barafu au Kibo iwapo watapanda kwa pupa. Kuishi nyanda za juu za Mbulu nako husaidia kidogo tu. Mwinuko wa Tumati ni mbali sana na mita 4,700 za Kibo. Tena wapo ambao kurudia kwao ni hatari zaidi: aliyewahi kujaa maji mapafuni kwa sababu ya mwinuko ana uwezekano mkubwa kuliko wenzake wa kupatwa tena akirudi kwa kasi ileile.

Sasa, kama damu husahau upesi hivyo, mwongozaji mzoefu ana nini cha ziada? Ana mwendo. Ule wimbo wa "pole pole" unaowachosha wageni wenye haraka ni ujuzi wa kipimo: anajua hatua ipi itamwacha mtu na nguvu saa kumi alfajiri kwenye changarawe zinazoteleza chini ya Gilman's Point. Anajua pia uso wa mtu anayeanza kuumwa, dakika nyingi kabla mwenyewe hajakiri. Simon Mtuy, mzaliwa wa vijiji vya mlimani upande wa Marangu, alianza akiwa mpagazi, kisha akawa mwongozaji. Mwaka 2006 alipanda na kushuka Kilimanjaro bila kusaidiwa na mtu kwa muda usiofika saa tisa na nusu. Miaka minane baadaye Karl Egloff, mwenye asili ya Uswisi na Ecuador, aliupanda na kuushuka chini ya saa saba. Mbio hizo ni za wachache, lakini mfano wa Mtuy una somo la kitaalamu: alikuwa ameusoma mlima kwa miaka mingi akiwa na mzigo mgongoni kabla ya kuukimbilia bila mzigo.

Ujuzi huu wa kichwani ndio unaodumu kuliko vyote, na ushahidi wake bora kabisa haupo mlimani. Upo kwenye njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Hadi Unyanyembe pekee ni karibu kilomita 800. Wanyamwezi waliitembea kwa msimu, wakipanga safari zao kufuatana na kilimo, na kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado hajawa mwanamume kamili. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu ratili 70, yaani kilo 32 hivi, za pembe za ndovu kwenda pwani na za nguo na shanga kurudi bara.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Malipo yake yalizidi ya wengine, mzigo wake ulikuwa mwepesi zaidi, na aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini. Si ubwana mtupu. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori la Mgunda Mkali, lisilo na maji ya kutegemewa. Hapo misafara ilipiga terekeza: kujaza vibuyu, kuondoka adhuhuri, kulala bila maji, na kuyafikia maji mengine asubuhi. Ukikosea siku, au kisima ulichokikumbuka kikawa kimekauka, watu hufa. Kirangozi aliyepita mara kumi alijua kisima kipi hukauka kwanza katika mwaka wa mvua haba, na mtemi gani wa Ugogo hupokea hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa wepesi. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulikuwa ndani ya watu waliorudia.

Aliyerudia kwa namna inayoweza kufuatiliwa ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyaoni, akatekwa utotoni, akauzwa utumwani hadi India, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarejea Zanzibar. Mwaka 1857 aliondoka pwani na Burton na Speke, wakafika Ujiji Februari 1858, kisha akarudi nao pwani. Mwaka 1860 alikwenda bara tena na Speke na Grant, safari iliyotokea Mto Nile upande wa kaskazini. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, na mwaka uliofuata akarudi pwani. Mwaka 1873 alianza tena na Cameron, na safari hii hawakugeuka hadi walipotokea Bahari ya Atlantiki, pwani ya Angola, mwaka 1875. Hesabu rahisi inaonyesha aliipita njia ya pwani na Unyanyembe angalau mara 6. Chama cha kijiografia cha London, Royal Geographical Society, kilimpa nishani ya fedha na baadaye pensheni. Alifariki mwaka 1885. Vitabu vya safari hizo vina majina ya Wazungu kwenye majalada, lakini ukiviweka sambamba na kuuliza nani alikuwa anaifahamu njia, jibu ni lilelile katika vyote vinne.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya kirangozi ikaisha.

Kurudia njia hakukuisha na kazi hiyo: Marekani wapo wanaorudia kwa hiari. Njia ya Appalachian, ya kilomita 3,500 hivi kutoka Georgia hadi Maine, ilipitwa yote kwa safari moja na Earl Shaffer mwaka 1948, akitoka kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Aliirudia mwaka 1965 kwa kuanzia upande wa pili, na mara ya tatu mwaka 1998 akiwa na miaka 79. Emma Gatewood, mama wa watoto 11, aliimaliza mwaka 1955 akiwa na miaka 67, akairudia mwaka 1957, na akakamilisha ya tatu mwaka 1964 kwa vipande. Warren Doyle ameipita mara 18. Kwa msomaji wa Tumati huenda ikashangaza mtu kutumia miezi mitano kwenda mahali asipokuwa na ng'ombe wa kuuza wala ndugu wa kumwona. Tofauti yao na wagumu wa Kilimanjaro ni malipo, na pia hesabu: mgeni akifika kileleni hupewa cheti, ilhali wapagazi wengi huishia kambi ya mwisho wakisubiri, kwa hiyo mtu anaweza kuitembea njia ya Machame miaka kumi na asiwe na kilele hata kimoja cha kutaja.

Kuna jambo ambalo hawa wa kurudia huliona na mpita njia wa mara moja haoni. Barafu ya Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake tangu mwaka 1912. Wanasayansi wameipima kwa picha za angani na vigingi. Mwongozaji wa miaka thelathini amejionea ukingo wa barafu ukisogea mbali na njia.

Magoti nayo yana hesabu yao, na hesabu hiyo hufuata zaidi uzito kuliko kilomita. Tafiti za watu wanaokimbia kwa kujifurahisha hazionyeshi kwamba magoti yao huharibika kuliko ya wengine. Kazi za kunyanyua na kubeba mizigo mizito kwa miaka, kinyume chake, zimehusishwa na kusagika kwa gegedu la goti. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha matokeo yaliyosisimua: wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Utafiti wa mwaka 1995 ulieleza kwamba mwili wao hupanda na kushuka kama bembea inayopoteza nguvu kidogo. Hata hivyo, mwaka 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Afrika Kusini hawakuiona bure hiyo. Na hata mzigo usioongeza njaa bado unalikandamiza goti. Ndiyo sababu kanuni ya Kilimanjaro ya kilo 20 kwa mpagazi, na mizani inayoisimamia, ina maana kubwa ya kiafya kuliko vyeti vyote.

Kwa anayejiandaa kwa Hanang, maandalizi ni mepesi. Wiki mbili au tatu kabla, ashuke mteremko mrefu wa karibu naye mara moja au mbili, bila kukimbilia sifa. Achukue fimbo: vipimo vya fimbo mbili, moja kila mkono, vimeonyesha kuwa mzigo wa goti wakati wa kushuka unaweza kupungua kwa hadi robo, na moja iliyozoeleka Mbulu ni afadhali kuliko mikono mitupu. Maji ya kutosha abebe kutoka chini, na aondoke Katesh alfajiri ili giza lisimkute kwenye mteremko. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlima huo na kuua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji jirani kama Gendabi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, amuulize mwongozaji alipanda mara ya mwisho lini, na ni korongo lipi hapiti mvua inaponyesha.