Kuitafuta Shishiyu Katika Nyaraka na Maktaba: Istilahi, Majina na Nasaba ya Vyanzo

Ikisiri

Tasnifu nyingi za lugha na fasihi za jamii za Tanzania Bara hufunguliwa kwa kauli kwamba eneo lililochunguzwa halijawahi kuandikiwa. Makala haya yanachunguza uzito wa kauli hiyo kwa kutumia mfano wa Shishiyu, kata iliyomo katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu kubwa ya ukimya unaodaiwa hutokana na namna ya kutafuta. Mtafiti hukwamishwa na istilahi za Kiswahili za taaluma ya nyaraka, na uainishaji wa maktaba unaotawanya mada moja, na majina ya kiutawala yaliyobadilika mara kadhaa. Makala yanaeleza vikwazo hivyo kimoja kimoja, kisha yanapendekeza namna ya kuandika taarifa ya utafutaji ili msomaji aweze kuipima.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza nyimbo za kilimo za Shishiyu huanza, aghalabu, kwa kuandika jina la kata hiyo katika katalogi ya maktaba ya chuo. Asipopata kitu, hujaribu "Simiyu", kisha "Bariadi", yalipo makao makuu ya mkoa. Matokeo huwa machache na mengi ni ya miaka ya karibuni. Kutoka hapo ni hatua fupi kufikia sentensi inayohalalisha utafiti wake: hakuna kilichoandikwa.

Sentensi hiyo ina gharama. Ikiwa si ya kweli, tasnifu itakusanya upya kilichokwisha kukusanywa, na itakosa nafasi ya kulinganisha matini za leo na za miaka sitini iliyopita. Vilevile, itawaambia wenyeji wa eneo hilo kwamba hawana historia iliyoandikwa, ilhali majalada yanayowahusu yamehifadhiwa Dar es Salaam, Berlin na kwingineko. Kwa hiyo kauli ya pengo ni dai la kitaaluma kama madai mengine, na inahitaji ushahidi.

2.0 Istilahi: Nyaraka, Kumbukumbu na Makavazi

Kikwazo cha kwanza ni cha kiisimu. Neno waraka, lenye asili ya Kiarabu na maana ya msingi ya karatasi, linatumika Tanzania kwa maana ya agizo la maandishi la serikali, kama katika waraka wa elimu. Wingi wake, nyaraka, katika matumizi ya kawaida humaanisha hati za aina yoyote. Katika taaluma, nyaraka ni hati zilizokwisha kuchujwa na kutengwa zihifadhiwe daima kwa thamani yake. Kumbukumbu, kwa upande wake, ni hati zinazozalishwa na kutumika katika shughuli za kila siku za ofisi. Tofauti hiyo imo katika jina la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kazi zake zinaongozwa na Sheria Na. 3 ya mwaka 2002.

Tofauti hiyo ina matokeo kwa mtafiti. Jalada lililo bado katika masijala ya halmashauri ni kumbukumbu: linaombwa kwa ofisi iliyolizalisha. Jalada lililohamishiwa Nyaraka za Taifa limeingia katika utaratibu mwingine, wenye orodha za majalada, chumba cha kusomea na kipindi cha kusubiri ambacho kwa kawaida ni miaka 30. Anayeomba "nyaraka" mahali penye kumbukumbu, au kinyume chake, anaweza kujibiwa kwamba hakuna, na jibu hilo likawa sahihi kwa swali lililoulizwa.

Ugumu unaongezwa na visawe. Kamusi zinatoa makavazi kwa maana ya mahali pa kuhifadhia nyaraka; umbo la umoja limepata uhai katika jina la Kavazi la Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam. Zanzibar inayo Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu. Chuo cha Bagamoyo kinafundisha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka. Mtafiti anayetafuta machapisho ya Kiswahili kuhusu taaluma hii kwa istilahi moja tu atakosa yaliyoandikwa kwa istilahi nyingine. Inafaa aandae orodha ya visawe kabla ya kuanza, na aieleze katika sura ya mbinu.

3.0 Katalogi na Viambishi vya Ngeli

Kikwazo cha pili kimo ndani ya maktaba. Katika katalogi iliyopangwa kwa alfabeti, viambishi vya ngeli hutawanya mada moja: Kisukuma huangukia K, Sukuma S, Usukuma U na Wasukuma W. Vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani, vinavyofuatwa na maktaba nyingi za vyuo, hutumia shina bila kiambishi. Aliyezoea kuiita lugha Kisukuma sharti akumbuke kutafuta Sukuma. Lahaja nazo huleta majina yake: zile za mashariki hutajwa katika maandishi ya wanaisimu kwa majina kama Jinakiiya na Jinantuzu, na tahajia hutofautiana kati ya mwandishi na mwandishi.

Uainishaji wa Dewey nao hugawanya fasihi simulizi. Fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa huwekwa katika 896.392 na isimu yake katika 496.392. Ngano na mila huenda 398, muziki katika kundi la 780, na historia ya Tanzania katika 967.8. Wimbo mmoja wa kulimia pamba unaweza kuwa katika rafu yoyote kati ya hizo, kutegemea jicho la mkutubi aliyekiainisha kitabu. Mkusanyiko mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma uliohaririwa na Frank Gunderson na kuchapishwa na Brill mwaka 2010 ni kazi ya mwanamuziki-mtafiti, na mwanafunzi wa fasihi anayebaki katika rafu za fasihi anaweza asiuone. Kwa upande wa isimu, kazi ya Irvine Richardson kuhusu toni (1959) imeandikwa kwa Kiingereza na sarufi ya Herman Batibo (1985) kwa Kifaransa. Hakuna kati ya hizo inayotaja Simiyu katika anwani yake.

4.0 Nasaba ya Utawala

Kikwazo cha tatu ndicho kikubwa zaidi. Nyaraka hupangwa kwa kufuata ofisi iliyozizalisha, wala hazipangwi kwa mada. Kanuni hii ya chimbuko ndiyo inayotofautisha hifadhi ya nyaraka na maktaba. Swali la mtafiti, basi, linapaswa kubadilika kutoka "nini kimeandikwa kuhusu Shishiyu?" kuwa "ni ofisi ipi ilikuwa na mamlaka juu ya Shishiyu mwaka ninaouchunguza?"

Jibu linahitaji nasaba. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga. Wilaya ya Busega, hata hivyo, ilitoka upande wa Mwanza. Kabla ya hapo, Bariadi na Meatu zilimegwa kutoka Maswa. Wakati wa Waingereza, Maswa ilikuwa wilaya katika Jimbo la Ziwa lenye makao Mwanza, na ofisi ya wilaya ilikuwa Nyalikungu. Wakati wa Wajerumani, eneo lote lilikuwa chini ya kituo cha Mwanza, ambacho katika majalada yao huandikwa Muanza. Hivyo jalada la mwaka 1950 litafutwe chini ya Maswa na Jimbo la Ziwa, na la mwaka 1910 chini ya Muanza. Jina Simiyu halina kazi katika yote mawili.

Kwa kipindi cha Waingereza, mahali pazuri pa kuanzia ni Daftari la Wilaya ya Maswa, mojawapo ya madaftari ambayo maofisa wa wilaya waliandika humo koo za watemi, mila, ardhi na mipaka. Nakala za filamu ndogo za madaftari hayo zimo pia katika baadhi ya maktaba za vyuo vikuu vya ng'ambo. Karibu nayo uko Mkusanyiko wa Hans Cory katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cory alikuwa mtaalamu wa jamii wa serikali, na kazi yake juu ya sheria na mila za Wasukuma ilichapishwa mwaka 1953. Vyanzo hivi havina budi kusomwa kwa tahadhari. Nasaba ya mtemi iliyosimuliwa kwa ofisa wa serikali ilisimuliwa na mtu aliyekuwa na haki ya kutetea, na maneno ya Kisukuma yaliandikwa na sikio la mgeni lisilotofautisha toni wala, mara nyingi, urefu wa irabu.

Nasaba ya kanisa haifuati ya serikali. Vikarieti ya Musoma na Maswa iliundwa mwaka 1946. Maswa ikatengwa mwaka 1950, na jimbo likaitwa Shinyanga mwaka 1956. Wamisionari wa Maryknoll waliofanya kazi huko wana hifadhi yao New York, na Wamisionari wa Afrika waliowatangulia wana yao Roma. Kwa mtafiti wa lugha, barua, katekisimu na orodha za maneno za wamisionari huweza kuwa na thamani kuliko ripoti za serikali, kwa kuwa waandishi wake walilazimika kujifunza Kisukuma ili wahubiri.

5.0 Vyanzo Vilivyobaki Kijijini

Sehemu ya vyanzo haijawahi kutoka eneo lenyewe. Mihutasari ya mikutano ya kijiji, vitabu vya wageni vya shule za msingi na daftari za vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa pamba zinaonyesha Kiswahili cha utawala kilivyoandikwa na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma. Humo ndimo mtafiti wa athari za lugha mama anapoweza kupata data ya miongo kadhaa, yenye tarehe, ambayo haikuandikwa kwa ajili ya mtafiti.

Vyanzo hivi ndivyo vilivyo hatarini zaidi. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika kila badiliko la namna hiyo kumbukumbu hupoteza mwenyewe. Mchwa, panya na unyevu humaliza kazi. Sheria ya 2002 inazilinda kumbukumbu za umma zisiharibiwe bila idhini, lakini sanduku lililo katika stoo ya kijiji hulindwa kwanza na mtu anayejua lina nini. Mtafiti anayeorodhesha yaliyomo, akaacha nakala ya orodha kwa ofisa mtendaji na kuipeleka nyingine katika kituo cha nyaraka cha kanda, hutoa mchango unaodumu kuliko nukuu alizozichukua.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba neno "hakuna" lina maana tofauti katika katalogi, katika orodha ya majalada na katika masijala. Inapendekezwa kwamba tasnifu inayodai pengo itaje mambo manne: istilahi na tahajia zilizotumika, majina ya kiutawala yaliyofuatwa kwa kila kipindi, hifadhi na maktaba zilizotembelewa, na tarehe za kutembelea. Kwa taarifa hiyo, msomaji atajua kama Shishiyu haikuandikwa au haikutafutwa, na mtafiti atakayefuata ataanzia pale mwenzake alipoishia.