Akili Mnemba kwa Waandishi wa Programu (2): Ieleze Kwanza Hesabu ya Kariakoo

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba zana kama GitHub Copilot, iliyoanza kwa majaribio mwaka 2021, na ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, hutunga msimbo kwa kukisia kipi hufuata kipi. Leo tuitazame kazi yenyewe, hapa hapa mjini.

Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyoanza kama taasisi ya ufundi mwaka 1957, ipo pale Barabara ya Morogoro inapokutana na ya Bibi Titi Mohamed. Upanga iko jirani, na Kariakoo ni mwendo wa miguu. Kijana anayesomea kompyuta hapo hatafuti mteja mbali: mwenye duka Mtaa wa Aggrey au Congo anahitaji programu ya kutunza stoo, mauzo na madeni.

Tuchukue hesabu moja tu. Bidhaa inauzwa shilingi 118,000, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 ikiwa ndani yake. Ukiiagiza akili mnemba kwa mkato, inaweza kukuletea msimbo unaokata asilimia 18 ya bei yote, yaani shilingi 21,240. Hilo ni kosa. Kodi iliyomo ni 118,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani shilingi 18,000. Msimbo mbovu utaendelea kufanya kazi bila kutoa onyo, na vitabu vya duka vitazidisha kodi kwa shilingi 3,240 kila bidhaa hiyo inapouzwa.

Kinga ya kwanza ni majaribio. Piga hesabu chache kwa mkono, andika majibu yake kama majaribio ya programu, ndipo uagize msimbo. Usiofaulu, ukatae.

Ya pili ni kueleza desturi za biashara waziwazi: bei ina kodi ndani, fedha zihesabiwe kwa nambari kamili, namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea, na kiwango cha kodi kikae kwenye mipangilio, kwa kuwa Bunge huweza kukibadili.

Ya tatu ni Git, zana aliyoiunda Linus Torvalds mwaka 2005. Hifadhi kila hatua kabla ya kupokea mabadiliko ya mashine, ili yakiharibika urudi ulipokuwa.

Ya nne: kagua kila maktaba ya msimbo unayopendekezewa. Akili mnemba huweza kutaja maktaba isiyokuwepo, na mhalifu anaweza kulisajili jina hilo na kuficha humo msimbo wa hila.

Ya tano ni siri za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Daftari la wadeni, lenye majina na namba za simu, usilibandike kwenye zana ya mtandaoni. Tunga majina ya kufanyia majaribio. Nywila na funguo za malipo nazo zisitoke kwako.

Vijana wetu, zitumieni zana hizi, kwani zinaokoa muda mwingi. Lakini someni kila mstari kabla ya kuupeleka dukani. Usioweza kuueleza kwa mwenye duka, usimpelekee.

Itaendelea.