Dawa za Kulegeza Makohozi na Tahadhari Zake

Njia zetu za hewa, kutoka puani hadi ndani ya mapafu, zimetandwa ute mwembamba unaonata. Ute huu hunasa vumbi na vijidudu, kisha vijinywele vidogo mno huusukuma polepole kuelekea kooni, nasi huumeza bila kutambua. Ugonjwa uingiapo kifuani, ute huongezeka na kuwa mzito, vijinywele hushindwa kuusukuma, na kazi hiyo huachiwa kikohozi. Ute utolewao hivyo ndio tuuitao makohozi.

Uzito wa ute hutokana na protini ndefu zilizoshikana kwa vifungo vya salfa, mithili ya nyuzi za wavu zilizokazwa kwa mafundo. Dawa iitwayo asetilisisteini huvikata vifungo hivyo, na ute ukawa majimaji. Kabosisteini, bromheksini na ambroksoli huulegeza ute kwa njia nyinginezo.

Yapasa kukumbuka kwamba dawa hizi huyalegeza makohozi tu; anayeyatoa ni mgonjwa mwenyewe kwa kukohoa. Tukiielewa kanuni hii, tahadhari nyingi hueleweka bila kukariri.

Kwanza, zisinywewe pamoja na dawa ya kuzuia kikohozi, kama vile kodeini. Moja huyafungua makohozi, nyingine huyafungia mlango wa kutokea, na kifua hujaa.

Pili, mtoto mchanga hana nguvu za kukohoa kama mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Kwa sababu hiyo, mwaka 2010 Ufaransa ilikataza asetilisisteini na kabosisteini kutumiwa kutibu kikohozi cha watoto walio chini ya miaka 2.

Tatu, ukuta wa tumbo nao hulindwa na ute dhidi ya asidi ya tumbo lenyewe. Dawa haibagui ute wa kifua na ute wa tumbo. Hivyo mwenye vidonda vya tumbo sharti amweleze daktari kabla ya kuitumia.

Nne, mwenye pumu ajihadhari na asetilisisteini, hasa ile ya kuvuta kwa pumzi, kwani yaweza kuzibana njia za hewa. Aidha, yeyote atakayetokwa na vipele au malengelenge, kuvimba uso, au kupumua kwa shida baada ya kumeza dawa yoyote kati ya hizi, aiache mara moja na aende hospitali.

Hatimaye, dawa hizi haziui vijidudu. Makohozi yaweza kuwa mepesi na kifua kikapata nafuu, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Mtu aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi, au anayetoa makohozi yenye damu, asinunue chupa nyingine. Aende akapimwe kifua kikuu. Huko maabara, makohozi yale yale aliyokuwa akiyatema na kuyafukia ndiyo yatakayoeleza ugonjwa wake.