Kushauriana Si Kuomba Ruhusa

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayokutana nasi mara kwa mara katika amri za maandishi, katika taratibu za polisi na katika vitabu vya sheria, limo neno 'consult'. Ni neno fupi, na wengi hulipita wakiamini kwamba wamekwisha kulielewa. Lakini hapa Uganda amri nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kisha askari huelezwa kwa Kiswahili, lugha iliyokaa kambini tangu enzi za King's African Rifles. Neno hili likifasiriwa vibaya njiani, afisa aweza kungojea ruhusa ambayo hakutakiwa kuiomba, ama akatenda jambo bila kumwuliza aliyestahili kuulizwa. Yote mawili ni hatari.

Asili ya neno hili ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na kwao lilihusu kutafakari na kutaka shauri. Ndugu yake ni neno 'consul', cheo cha wakuu wawili waliotawala Roma kwa muda wa mwaka mmoja, ambacho leo Waingereza humwitia balozi mdogo. Msomaji ajihadhari asilichanganye na maneno mengine mawili yanayokaribiana nalo kwa sauti: 'counsel', ambalo ni ushauri wenyewe au wakili asimamaye mahakamani, na 'council', ambalo ni baraza.

Matumizi yake makubwa ni matatu. Kwanza, ni kumwendea mwenye ujuzi ili kutaka shauri lake, kama mgonjwa amwendeavyo daktari. Pili, ni kutazama kitu ili kupata habari, kama vile kamusi, ramani au saa. Hapa tusifasiri neno kwa neno, kwani Mswahili hashauriani na ramani. Huitazama au huisoma. Tatu, likifuatwa na neno 'with', mara nyingi maana yake ni watu kukaa pamoja na kupeana mawazo kabla ya uamuzi kutolewa. Kiswahili chetu hutenganisha mambo haya kwa uwazi zaidi: anayetoa hushauri, anayetaka huomba shauri, na wanaopeana hushauriana.

Tena lugha yetu inayo hekima yake katika jambo hili. Neno shauri lina maana ya nasaha, ya mpango, na hata ya kesi iliyo mbele ya hakimu. Mtu akikataa kuambiwa, wenzake humwachia maneno mawili tu: shauri yako. Yaani, mzigo umebaki kichwani mwake peke yake.

Sasa tuje kazini. Tuchukue mfano wa kamanda wa kombania aliyeandikiwa kwamba kabla ya kuzingira kijiji kuwatafuta majambazi, atamwona mkuu wa polisi wa wilaya na ku-'consult' naye. Kama amri ingetumia neno 'inform', ingetosha kumpa mkuu huyo taarifa na kuendelea na safari. Kama ingesema 'obtain approval', kamanda asingeinua mguu mpaka apate idhini. Lakini 'consult' husimama katikati ya hayo mawili. Kamanda anapaswa kuuliza, kusikiliza, na kuyapima aliyoyasikia. Kisha uamuzi ni wake, na lawama zikija ni zake pia. Huenda polisi wanajua kwamba siku hiyo ni ya soko, na kwamba njia ya mtoni itajaa akina mama na watoto. Asiyeuliza hatalijua hilo mpaka risasi ya kwanza ilie.

Historia ya vita inatupa ushahidi. Tarehe 13 Septemba 1812, Jemadari Kutuzov wa Urusi aliwakusanya majenerali wake katika kijiji cha Fili, karibu na Moscow, huku jeshi la Napoleon likikaribia. Bennigsen alitaka wapigane. Barclay de Tolly alitaka warudi nyuma. Kutuzov aliwasikiliza, kisha akaamuru jeshi liuache mji, ili jeshi lenyewe lisalimike. Wafaransa waliingia Moscow siku iliyofuata, lakini tarehe 19 Oktoba Napoleon alianza kuondoka, na katika safari ile ya kurudi jeshi lake liliangamia. Kutuzov hakupiga kura, wala hakujificha nyuma ya wengi. Alishauriana, akaamua, akaubeba uamuzi wake.

Lakini kuuliza kwa kutimiza desturi tu si kushauriana. Mwaka 1985, katika kesi ya Gunning iliyohusu shule za eneo la Brent, London, yalitajwa mambo manne yanayofanya mashauriano yawe ya kweli: yafanywe wakati uamuzi haujakatwa, anayeulizwa aelezwe sababu za kutosha, apewe muda wa kufikiri na kujibu, na majibu yake yazingatiwe kwa moyo safi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliyathibitisha mambo hayo. Mkubwa anayewaita wadogo zake kuwauliza, hali amri imekwisha kutiwa sahihi mfukoni, hajashauriana na mtu.

Kwa ndugu zetu polisi, neno hili linagusa uhuru wa raia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 kuhusu polisi na ushahidi wa jinai inampa aliyekamatwa haki ya ku-'consult' na wakili kwa faragha akiomba, na haki hiyo yaweza kucheleweshwa kwa masharti maalumu tu. Faragha maana yake ni kwamba askari akae mahali ambapo hasikii. Katiba yetu ya mwaka 1995, kifungu cha 23, nayo yaagiza kwamba anayekamatwa aelezwe sababu ya kukamatwa na haki yake ya kuwa na wakili amtakaye, na kwamba jamaa zake, wakili wake na daktari wake waruhusiwe kumfikia kwa kiasi kinachofaa. Basi askari wa zamu anayemwambia mahabusu kwamba atamwona wakili baada ya kuandika maelezo, hajamfanyia hisani wala ujanja. Amemnyima haki yake, na huenda ameiharibu kesi yenyewe.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Hawakusema kwamba wazee ndio watakaoshika bunduki. Amri hubaki amri, na mwenye cheo hubaki na cheo chake. Lakini kabla ya kuitoa, na aulize wanaojua. Basi, ndugu askari, ukilikuta neno hili katika karatasi yako, jiulize mambo matatu: ni nani nimwulize, nimsikilize lini, na ni nani atakayejibu kwa uamuzi huo? Ukipata majibu, umeuelewa wajibu wako.