UZI: Nani anafaa kusaidiwa kulipia intaneti ya nyumbani?

Kila msimu wa siasa ahadi ya "intaneti nafuu kwa kila nyumba" hurudi. Wengi huuliza pesa zitatoka wapi. Mimi huanza na lingine: nani atahesabiwa kuwa anafaa? Tulieni nieleze.

Marekani walijaribu. Mwisho wa 2021 walianzisha Affordable Connectivity Program. Dola 30 zilipunguzwa kwenye bili kila mwezi, hadi 75 kwenye ardhi za makabila asilia. Hukupewa pesa mkononi. Kampuni ya intaneti ndiyo iliyolipwa.

Kufuzu kulikuwa na milango miwili mikubwa. Mapato ya nyumba yasizidi mara mbili ya kiwango rasmi cha umaskini. Kwa watu wanne mwaka 2024, hiyo ilikuwa dola 62,400 kwa mwaka katika majimbo mengi. Ama mmoja wenu awe tayari kwenye msaada mwingine, kama wa chakula au Medicaid. Huo mlango wa pili naupenda: maskini hachunguzwi upya kila akiomba kitu.

Sisi tungetumia orodha gani? Inua Jamii ipo, 2,000 bob kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, yatima na walio na ulemavu mkubwa. Lakini mama mboga wa miaka 40 anayelea watoto wake mwenyewe hana nafasi humo, na hao watoto ndio wanaohitaji kufanya homework mtandaoni. Tukisema basi tupime mapato, mnakumbuka kelele za SHA, watu wakiulizwa nyumba zao zimejengwa na nini.

Halafu "nyumba" ni nini? Kule, ilikuwa msaada mmoja kwa watu wanaoishi pamoja na kuchangia mapato na matumizi. Anwani moja ingeweza kuwa na nyumba kadhaa, ila mjaze fomu. Sasa fikiria ploti ya rumu kumi, mita moja ya stima, waifai moja ambayo wapangaji wanachangia. Nani anaandikishwa? Mwenye ploti? Hapa ndipo ahadi nyingi zitakwama, na sijasikia mgombea akiligusa.

Kwa sasa Kenya inasaidia eneo, si nyumba. Kuna Universal Service Fund chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambako kampuni zenye leseni huchangia hadi 0.5% ya mapato yao. Hupeleka mtandao pale kampuni hazioni faida. Sawa kabisa, na huhitaji fomu. Lakini mnara ukiwa mlangoni kwako na huna ya bando, bado uko nje.

Na kodi je? Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ushuru wa data kutoka 20% hadi 15%. Juu yake weka VAT 16%. Kwa viwango hivyo, huduma ya bob 1,000 inakufikia ikiwa 1,334. Kupunguza hapo hakuhitaji kumpima mtu, ila anayelipa bando kubwa ndiye atafaidi zaidi.

Wale Wamarekani? Zaidi ya nyumba milioni 23 zilikuwa zimejiandikisha. Bunge lao halikuongeza pesa, usajili ukafungwa Februari 2024, na kufikia Juni 1 mpango ukawa umeisha. Ulibaki Lifeline, wa tangu 1985: dola 9.25 kwa mwezi, na masharti makali zaidi.

Kwa hivyo mgombea wako akiahidi, muulize pia ni ya miaka mingapi.