Mtoko wa Makumbusho: Kioo Kinapozungumza na Mmoja Wenu Tu

Hivi mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlitoka kwenda wapi? Kama jibu ni lile lile la kila wikiendi, nyama choma, muziki wa juu na kurudi nyumbani masikio yanavuma, basi mada ya mwezi huu inakuhusu. Makumbusho ni mtoko mzuri sana kwa wapendanao. Kuna kivuli, kuna utulivu, na kuna mambo ya kubishania njiani mkirudi. Tena siku hizi makumbusho mengi duniani yameachana na lile kabati la kioo lenye kikaratasi kilichopauka. Unakuta skrini kubwa ya kugusa, video ukutani, sauti zinazotoka kwenye kona, na ziara nzima unayoweza kuifanya kwenye simu yako.

Safi kabisa. Sasa tuseme mmoja wenu haoni. Au ni kiziwi. Au anatumia kitimwendo, au mikono inamtetemeka kiasi kwamba kubonyeza alama ndogo kwenye skrini ni shughuli pevu. Hapo ndipo mtoko unapogeuka kazi.

MPENZI AU MKALIMANI?

Mmoja anasoma kila kibao kwa sauti ya chini, mwingine anasikiliza. Anayesoma ndiye anayeamua kipi kisomwe na kipi kirukwe. Anafupisha. Anachoka. Anayesikiliza anaona haya kuomba arudiwe, anasema, "Nimeelewa, twende." Baada ya saa mbili mmoja ameona maonyesho na mwenzake amesikia muhtasari, na mkirudi hamna cha kubishania, maana maoni yote yametoka kwa mtu mmoja. Mapenzi yapo, msaada upo, ila ule utamu wa watu wawili kutoka pamoja umepungua. Wengi wakisikia habari za ulemavu wanakimbilia kwenye huruma. Mimi naona kinachogombaniwa hapa ni kila mtu kuwa na lake la kusema.

Wapo wanandoa waliochoka na hali hiyo wakaamua kuchukua hatua. Aldo Grassini na mkewe Daniela Bottegoni, Waitaliano, wote wawili hawaoni. Walipenda kusafiri na walipenda sanaa, lakini kwenye makumbusho walikuwa wakizuiwa kugusa. Wakapeleka wazo kwa manispaa ya mji wao, Ancona, na mwaka 1993 ikazaliwa Museo Omero, makumbusho ambayo wageni wanaruhusiwa kupapasa sanamu. Mwaka 1999 bunge la Italia likaitambua kuwa makumbusho ya taifa. Ukitafuta mfano wa mume na mke waliojenga kitu pamoja, huo hapo.

KIOO HAKINA ALAMA

Cha kushangaza, teknolojia mpya iliwatoa nje watu ambao ile ya zamani iliwaacha waingie. Kitufe cha zamani unakipapasa, unakipata, unakibonyeza. Skrini ya kugusa ni kioo kitupu; kidole hakiambiwi chochote. Na usije ukasema ndivyo teknolojia ilivyo. Mwaka 2009 Apple waliweka kwenye iPhone 3GS programu ya VoiceOver, inayosoma kwa sauti kilicho chini ya kidole chako, na mwaka huo huo simu za Android zikapata TalkBack. Maana yake simu iliyo mfukoni mwa asiyeona inaongea, halafu skrini ya mamilioni iliyo mbele yake ukumbini ni bubu. Imekuwa bubu kwa sababu aliyeiagiza hakuagiza sauti.

Mfano ninaoupenda uko Winnipeg, Kanada. Canadian Museum for Human Rights, makumbusho ya haki za binadamu, yalifunguliwa Septemba 2014 yakiwa yamejaa skrini. Lakini pamoja na skrini hizo kuna kibodi kidogo chenye vitufe vinavyotambulika kwa kupapasa: vya kusogea, cha kuchagua, cha sauti, na tundu la kuchomeka spika za masikioni. Ukichomeka, sauti inakueleza kilichopo na namna ya kuendelea. Asiyeona anajiendesha mwenyewe. Na yule ambaye mkono haufiki juu ya skrini anatumia vitufe hivyo hivyo.

Sakafuni kuna mikanda inayohisiwa na fimbo nyeupe. Ukiufuata mkanda unafika kwenye kibao chenye namba iliyoinuka na maandishi ya nukta nundu. Unaingiza namba hiyo kwenye programu ya makumbusho iliyo kwenye simu yako, nayo inakuambia uko mbele ya nini. Filamu zina maandishi, zina maelezo ya sauti kwa wasioona, na zina lugha ya alama. Tena lugha za alama ni mbili, kwa sababu viziwi wa upande wa Kiingereza na wa upande wa Kifaransa nchini humo hawatumii moja.

Hilo la viziwi tusilipite haraka. Watu hudhani ukishaweka maandishi chini ya video umemaliza. Maandishi yanasaidia, ndiyo, lakini kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni lugha ya alama, na maandishi yanabaki kuwa lugha ya kujifunza, kama Kiingereza kwa wengi wetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Kama inatosha kutungia sheria, inatosha kueleza historia ya mtungi.

Winnipeg hawakuwa na uchawi. Waliwaita watu wenye ulemavu mezani kabla ya uzinduzi, wakashirikiana pia na wataalamu wa chuo kikuu cha OCAD cha Toronto. Ukilikumbuka jambo hili baada ya uzinduzi, itabidi ubandue skrini, upitishe nyaya upya na kumlipa fundi mara ya pili. Ndipo utasikia, "Bajeti hairuhusu."

Huko Marekani, makumbusho ya Andy Warhol mjini Pittsburgh yalitoa mwaka 2016 programu ya simu iitwayo Out Loud. Ilikuwa ikitambua umesimama wapi, kisha ikikupa simulizi fupi fupi za sauti. Wasioona walishiriki kuijaribu, lakini programu ilikuwa ya kila mtu. Kwa wapendanao hilo ni jambo kubwa: mnasikiliza kitu kimoja, kila mmoja na spika zake, na hakuna aliyepewa kifaa cha "watu maalumu" kinachomtenga na mwenzake.

"PICHA YA MAGOFU"

Kuna kazi nyingine isiyohitaji hata fundi, nayo ni kueleza picha kwa maneno. Picha iliyowekwa kwenye tovuti bila maelezo ni shimo kwa mtu anayetumia programu ya kusoma skrini. Mwaka 2015 Museum of Contemporary Art ya Chicago ilianzisha mradi wa Coyote, ambao wafanyakazi wenyewe wanaandika maelezo ya picha, mafupi na marefu. Mmoja wa waasisi wake, Sina Bahram, ni mtaalamu wa kompyuta asiyeona. Ukianza kuandika ndipo unagundua ugumu: utaje rangi ya mtu? Utaje jinsia yake wakati hujui? Useme anatabasamu au useme meno yanaonekana?

Jaribu na Kilwa Kisiwani. Mwaka 2020 Google Arts & Culture pamoja na shirika la CyArk waliweka mtandaoni maonyesho ya urithi ulio hatarini kutokana na tabianchi, na Kilwa ilikuwa mojawapo ya maeneo matano. Kwa mtu wa kitimwendo, kupanda mashua kutoka Kilwa Masoko kisha kupita kwenye magofu si mchezo, kwa hiyo ziara ya namna hii inamfungulia mlango. Lakini ukiandika tu "picha ya magofu", umemfungia asiyeona. Andika kwamba ni safu za nguzo za mawe ya matumbawe na chokaa zinazobeba matao na kuba, mwanga ukipenya pale paa lilipoanguka. Hapo mtu ana cha kuuliza. (Na tusidanganyane, kiungo cha tovuti hakichukui nafasi ya njia ya mteremko pale mlangoni.)

Kuna urithi wetu ambao sote tunauona kwa nakala tu. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.66, ziligunduliwa mwaka 1978, na katikati ya miaka ya 1990 zikafukiwa tena ili zisiharibike. Watafiti waliogundua nyayo nyingine hapo mwaka 2015, wakiongozwa na Watanzania, walichapisha matokeo yao mwaka 2016 pamoja na mifano ya 3D iliyo wazi kwenye intaneti. Mfano kama huo unaweza kuchapwa kwa printa ya 3D ukawekwa mezani. Kidole kinashuka kwenye kisigino, kinapita unyayoni, kinafika kwenye dole gumba. Mwenye macho naye atataka kugusa, nakuhakikishia.

Sheria haikosekani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 30, unazungumzia haki ya kushiriki utamaduni na unayataja makumbusho. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009.

Kama kazi yako ni tovuti, matangazo au usanifu, fanya jaribio leo jioni. Washa VoiceOver au TalkBack kwenye mipangilio ya simu yako, fumba macho, kisha jaribu kujua makumbusho ya mjini kwenu yanafunguliwa saa ngapi. Na kama mnapanga mtoko, piga simu kwanza. Uliza kama video zina maandishi au lugha ya alama, kama kuna cha kugusa, kama skrini inafikiwa na aliyekaa. Wakikujibu, "Njooni tu, tutawasaidia," uliza tena: mwenzi wangu ataweza kuitumia mwenyewe, mimi nikiwa chumba cha pili?