Tovuti ya maktaba isimalizie mkulima salio

MKULIMA wa pamba wa Kishapu akiona funza wa vitumba shambani, hana siku nyingi za kusubiri. Kitabu chenye jibu kinaweza kuwa Shinyanga mjini, lakini nauli ni gharama. Hapo tovuti ya maktaba ni faida, mradi iwe rahisi kutumia.

Kwanza ni uzito. Mkulima hununua bando. Kitabu cha megabaiti 20 humla sawa na kurasa 100 za tovuti zenye kilobaiti 200 kila moja. Hivyo tovuti itangulize muhtasari mwepesi, na uzito wa kitabu uonekane kabla ya kukipakua.

Pili ni maneno. Anayeandika “funza wa vitumba” apate hata kitabu kilichoorodheshwa kwa jina la kitaalamu, Helicoverpa armigera. Mchimbaji mdogo wa Geita anayetafuta “zebaki” au “karasha” naye asirudi mikono mitupu.

Tatu ni wasioona na wasiojua kusoma. Mwongozo wa kwanza wa W3C, wa mwaka 1999, ulitaka kila picha iwe na maelezo ya maandishi, ambayo programu huweza kumsomea asiyeona. Huko Nakaseke, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanawake wa vijijini walijifunza mbinu za kujiongezea kipato kwa kompyuta iliyowaonyesha picha na kuzungumza Kiluganda.

Kabla ya uzinduzi, mkutubi awape wakulima watano simu zao wenyewe na swali moja la shambani. Wakikwama, kinachorekebishwa ni tovuti.